Kiima na Kiarifa: Kutoka Kiingereza hadi Kiswahili

Ndugu mwalimu, unapofunza uchanganuzi wa sentensi hapa Eldoret, wanafunzi wako huwa wamekwisha kukutana na kiima na kiarifa katika somo la Kiingereza. Mgawanyo huu ni mkongwe. Wagiriki wa kale waliigawa kauli katika jina na kitenzi, Walatini wakarithi, na Waingereza wakachukua kwa Walatini. Steere alipochapisha sarufi yake mwaka 1870, na Ashton yake mwaka 1944, Kiswahili kilielezwa kwa Kiingereza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, nacho Kiswahili kikawa somo la lazima, macho hayo ya kigeni yalikuwa yamezoeleka.

Tatizo liko wapi? "They ran" ina maneno mawili. Ukikata katikati, kazi imekwisha. Sasa mpe mwanafunzi "Walikimbia." Atakata wapi? Wengine huandika kwamba sentensi haina kiima! Kumbe kiambishi wa- ndicho kinachokiwakilisha, nacho kimo ndani ya kitenzi.

Mgumu zaidi ni mfano huu: "Chumbani mmejaa wageni." Aliyezoea kumsaka mtenda atajibu kwamba kiima ni wageni. Mwulize kitenzi kinapatana na neno lipi. Ile m- yapatana na chumbani, wala si wageni. Kwa maoni yangu, upatanisho wa kisarufi ungefunzwa kabla ya kuchora matawi na majedwali. Kisha mgeuzie sentensi: "Wageni wamejaa chumbani." Sasa wageni ndio kiima, na chumbani kimehamia kwenye kiarifa.