Benki Imepandisha Ada ya Kadi Yako ya Safari? Piga Hesabu Hii Kabla Hujakatwa

Umeamka, umecheki simu, na katikati ya meseji za Fuliza na za kubeti kuna moja ya benki. Ada ya mwaka ya kadi yako ya mkopo ya safari inapanda. Launji ya bure pale JKIA sasa ni mara mbili tu kwa mwaka. Wasee wengi husoma hiyo kitu na kupita, halafu siku ikifika doh inakatwa na mtu anaanza kulia mtandaoni.

Usingoje hadi huko. Kadi ni mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Bei ikibadilika, wewe pia una ruhusa ya kubadilisha msimamo.

Mbona ada zinapanda?

Launji si ya bure. Kila ukiingia na kadi yako, mara nyingi benki ndiyo hulipa mwenye launji kwa kichwa chako. Watu wakiwa wengi, bili ya benki inafura, na hapo inaamua: ipandishe ada ama ipunguze marupurupu. Wakati mwingine inafanya yote mawili.

Hata Marekani, kwenye mama wa hizi kadi, hali ni hiyo hiyo. Chase Sapphire Reserve ilianza 2016 ikiwa dola 450 kwa mwaka, ikapanda hadi 550 mwaka wa 2020, na 2025 ikafika 795. Platinum ya American Express nayo ilitoka dola 695 hadi 895 mwaka huo huo wa 2025. Hiyo ni zaidi ya laki moja za Kenya kwa kadi moja. Kwa hivyo ukiona msee wa YouTube akikuambia kadi ya safari "inajilipia", kumbuka anapiga hesabu ya huko, na pointi za huko. Hesabu yako ni ya hapa.

Halafu kuna ujanja mwingine: kadi ambayo ada yake iko kwa dola. Hiyo inaweza kupanda bila benki kugusa chochote. Mapema 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ikawa karibu 129. Ada ya dola 60 ilikuwa 9,600, ikashuka hadi karibu 7,740. Inaweza pia kurudi juu.

Hesabu yenyewe

Usihesabu benki inasema faida ni za pesa ngapi. Hesabu ungetoa ngapi mfukoni kama hungekuwa na kadi.

Tuseme ada mpya ni 14,000. Mwaka jana ulitumia nini?

- Launji mara mbili. Benki inasema kila moja ni 4,000. Lakini bila kadi ungenunua chai na sandwichi ya 1,200. Andika 2,400.
- Bima ya safari moja ambayo ungenunua hata hivyo: 3,000.
- Pointi ulizotumia kweli, si zile zimelala kwa akaunti: 2,500.

Jumla ni 7,900. Unalipa 14,000 kupata 7,900. Hapo umeuziwa mbuzi kwa gunia, buda.

Lakini kama husafiri mara moja, unasafiri mara sita kwa sababu ya job, hesabu inaweza kugeuka kabisa. Ndiyo maana usifuate ushauri wa beshte yako. Safari zake si zako.

Ada kubwa ni ile huioni

Wasee hupigana na ada ya mwaka na kusahau reti. Ukilipa hoteli Dubai na kadi ya shilingi, pesa inabadilishwa, na benki huongeza asilimia yake juu. Ukitumia 150,000 nje, kila asilimia moja ya ziada ni 1,500. Asilimia nne ni 6,000. Uliza benki yako swali moja: "Mnaongeza asilimia ngapi nikilipa kwa pesa ya kigeni?" Jibu hilo ni muhimu kuliko picha ya ndege kwenye kadi.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa dirham ama kwa shilingi za Kenya, chagua pesa ya pale ulipo. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anaweka reti, na kwa kawaida si kwa faida yako.

Na usitoe cash kwa ATM na kadi ya mkopo. Kwa kawaida riba huanza siku hiyo hiyo, na ada ya kutoa iko juu yake. Pia, kama unabeba deni mwezi hadi mwezi, sahau pointi. Deni la 60,000 kwa riba ya, tuseme, asilimia 3 kwa mwezi ni 1,800 kila mwezi. Hakuna launji inarudisha hiyo.

Bima: soma masharti kabla ya kupanda ndege

Mara nyingi bima ya kadi inafanya kazi tu kama tiketi ililipwa na kadi hiyo hiyo. Ulilipa na M-PESA? Pengine huna bima. Kama unaenda nchi za Schengen, ubalozi unataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, kwa hivyo itisha benki barua inayotaja kiasi hicho. Marupurupu yakibadilishwa, bima pia inaweza kupunguzwa bila mtu kugundua.

Ukipata notisi, fanya hivi

1. Tafuta tarehe. Ada mpya inaanza lini, na yako hukatwa mwezi gani? Weka alamu mwezi mmoja kabla.
2. Tumia pointi sasa. Pointi hazizai riba, na benki inaweza kupunguza thamani yake wakati wowote.
3. Piga simu. Uliza kama wanaweza kukusamehe ada ukifikisha matumizi fulani, ama kukushusha hadi kadi ya bei nafuu. Wengine hukubali, lakini lazima uulize.
4. Itisha maelezo kwa maandishi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinataka benki ipate idhini kabla ya kuongeza ada zake. Ukiona umekatwa vitu hukuambiwa, lalamikia benki kwanza, kisha Benki Kuu.

Kufunga kadi bila kuchomeka

Hapa ndipo watu huumia. Kukata kadi na makasi si kuifunga. Ada ya mwaka inaendelea kuingia, inageuka deni, deni linaota riba, na siku unaenda kuomba loan ya gari unaambiwa jina liko CRB kwa sababu ya kadi uliyosahau.

Lipa salio lote. Hamisha Netflix, Spotify na teksi za mtandao kwa kadi nyingine. Ngoja bili ya mwisho, kwa sababu malipo ya nje wakati mwingine huchelewa kuingia. Halafu itisha barua inayosema akaunti imefungwa na huna deni, na uihifadhi. Una haki ya ripoti moja ya bure ya CRB kila mwaka, kwa hivyo baada ya miezi michache icheki uthibitishe.

Ukimaliza hesabu na ujipate bado uko mbele, baki na kadi yako na usafiri fiti. Kama uko nyuma, ishushe ama uifunge kabla ya tarehe ya kukatwa. Hiyo elfu kumi na nne inaweza kuwa SGR ya kwenda na kurudi Mombasa, na chenji ya viazi karai.