Amri ya date() na saa za Mtwara na Palma

Anayevuka mto Ruvuma kutoka Kilambo, mkoani Mtwara, kwenda Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa za dunia (UTC), Msumbiji saa 2. Tatizo huanza pale ankara au stakabadhi inapotolewa na programu iliyo kwenye seva ya nchi nyingine.

Mwongozo ulivyosema

Programu nyingi za biashara kwenye mtandao zimeandikwa kwa lugha ya PHP. Kwa miaka mingi mwongozo wake ulieleza kuwa amri ya date(), isipopewa wakati maalumu, huchukua saa za mahali za wakati huo, yaani jibu la amri ya time(). Maelezo hayo yanapotosha.

Inavyofanya kazi

Amri ya time() huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Hesabu hiyo ni ileile Palma, Mtwara au London. Amri ya date() ndiyo huigeuza kuwa tarehe, kwa kufuata ukanda wa saa uliowekwa kwenye seva. Seva haijui mteja yuko ng'ambo ipi ya mto.

Athari zake

Mnunuzi wa Mtwara akilipa tarehe 1 Julai saa 00:30, yaani saa sita na nusu usiku, Palma bado ni 30 Juni, 23:30. Seva ya UTC itaandika 30 Juni, 21:30. Kama bei ilikoma 30 Juni, ugomvi hauepukiki, na kila upande una karatasi yake.

Marekebisho

Tangu toleo la PHP 5.1.0, mwaka 2005, ipo amri ya date_default_timezone_set(). Kwa Msumbiji weka Africa/Maputo, kwa Tanzania Africa/Dar_es_Salaam. Epuka Etc/GMT+2: alama zake ziko kinyume, hivyo ni saa 2 nyuma ya UTC, na stakabadhi ya Palma itakosea kwa saa 4.

Hifadhi wakati kwa UTC. Aidha, kwenye kila stakabadhi na tangazo la bei, andika kama saa ni za Msumbiji au za Tanzania.