Hesabu ya Chuma na Hesabu ya Watu

Daraja likianguka, watu huuliza habari za mhandisi. Kiwanda kikifilisika, huuliza habari za mwenye mali. Desturi hii ya kugawa lawama ilikuwa pia, kwa muda mrefu, desturi ya kugawa elimu. Kijana aliyesomea uhandisi katika karne ya 19 alifundishwa uzito wa chuma, nguvu ya mvuke na mwendo wa magurudumu. Habari za ujira, bei, daftari na ugomvi wa kazini hazikuwa zake. Hizo waliachiwa wafanyabiashara na wanyapara. Jinsi ukuta huo ulivyobomolewa katika vyuo vya Marekani ni habari ifaayo kusimuliwa, kwani waliouvunja walikuwa wahandisi wenyewe, na kosa walilolifanya njiani lina mafunzo makubwa kuliko ushindi wao.

Zamani za karakana kosa hilo halikuweza kutokea kwa wepesi. Mwanagenzi aliyeingia kwa fundi wake akiwa mtoto alijifunza kukereza chuma, na papo hapo alisikia bei ya makaa ikitajwa, aliona mnunuzi akibishana, na alijua ni fundi yupi hasemezwi asubuhi. Elimu ya mashine na elimu ya watu zilimwingia kwa mlango mmoja. Lakini baada ya mwaka 1862, Serikali ya Marekani ilipotoa ardhi kwa majimbo ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi, uhandisi ulizidi kuhama kutoka karakana kwenda darasani. Kuhama huko kulikuwa na faida isiyo kifani: kijana alipata hesabu za juu na elimu ya maumbile ambazo fundi mzee hakuwa nazo. Walakini ahamaye hasahau kuacha kitu nyuma. Darasani hapakuwa na mnunuzi, hapakuwa na siku ya kulipa ujira, wala hapakuwa na mtu wa kununa.

Upungufu huo ulitangazwa hadharani katika mwezi wa Mei, mwaka 1886, mjini Chicago. Chama cha wahandisi wa mashine wa Marekani, kilichokuwa na umri wa miaka 6 tu, kilikutana huko, na mmoja wa wanachama wake, Henry R. Towne, alisimama kusoma makala juu ya mhandisi kama mtu wa uchumi. Towne hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mwenye kiwanda cha kufuli huko Stamford, katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1868 alikuwa ameshirikiana na Linus Yale, mvumbuzi wa kufuli mashuhuri, na Yale akafariki mwaka ule ule kabla shirika halijapata kukomaa. Kijana wa miaka 24 alibaki na uvumbuzi mzuri mkononi na kiwanda kisichokuwa na mwendeshaji mwingine ila yeye. Basi alijua kwa dhiki yake mwenyewe kwamba kufuli nzuri haijiuzi, na kwamba kiwanda hakijiongozi.

Aliyoyasema yalikuwa mepesi kufahamika. Katika hesabu za mhandisi, alama ya fedha hutokea karibu mara nyingi sawa na alama za futi, ratili na dakika. Kwa hiyo mhandisi asiyejua gharama hajamaliza hesabu yake. Kuongoza kiwanda, alisema, ni jambo lenye uzito sawa na uhandisi wenyewe. Walakini uhandisi una vitabu, una vyama na una majarida, na uongozi wa viwanda hauna hata kimoja. Kila mwenye kiwanda huanza upya kujifunza makosa ambayo jirani yake amekwisha kuyalipia. Shauri lake lilikuwa kwamba chama cha wahandisi kikusanye maarifa hayo na kuyahifadhi. Hakuomba muujiza, aliomba kwamba hekima iliyotawanyika iwekwe mahali pamoja.

Mwaka ule ule aliingia katika chama hicho kijana aitwaye Frederick W. Taylor, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chuma cha pua cha Midvale, Philadelphia. Taylor alikuwa ameanza chini kama mwanagenzi, akapanda hata kuwa msimamizi, na mwaka 1883 alipata shahada ya uhandisi wa mashine. Katika usimamizi wake aliona kwamba wafanyakazi walifanya kazi pungufu ya nguvu zao kwa makusudi, nao walikuwa na sababu: wakizidisha kazi, mwajiri hupunguza malipo ya kila kitu kimoja, na jasho lao huwa hasara yao. Taylor alitaka kuukata ugomvi huo kwa kipimo. Kila kazi igawanywe vipande vidogo, kila kipande kipimwe kwa saa ya kuhesabu nukta, kisha lipatikane jawabu la haki juu ya kazi ya siku moja na ujira wake. Mwaka 1903 alitoa kitabu juu ya uongozi wa karakana, na mwaka 1911 kitabu chake juu ya misingi ya uongozi wa kisayansi kikasomwa katika nchi nyingi.

Sasa vyuo vilipata kitu cha kufundisha. Katika chuo kikuu cha Cornell, Dexter Kimball alianza mnamo mwaka 1904 kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi uendeshaji wa viwanda. Naye alikuwa mtu aliyepata kushika kazi za kiwandani kabla ya kushika chaki. Mwaka 1908 chuo cha jimbo la Pennsylvania kilianza masomo ya uhandisi wa viwanda chini ya Hugo Diemer. Mwaka huo huo chuo kikuu cha Harvard kilifungua shule yake ya biashara, na Taylor akawa akialikwa kuhutubia huko. Mwaka 1914 chuo cha teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kwa herufi zake MIT, kiliweka masomo ya uendeshaji wa kihandisi, yaliyopewa namba ya 15. Humo kijana aliendelea na uhandisi wake, na juu yake aliongezewa uchumi, utunzaji wa hesabu na sheria za biashara. Ukuta ulikuwa umetobolewa.

Lakini kabla ya mlango huo kufunguliwa barabara, jambo lilikuwa limetokea umbali mfupi tu kutoka chuoni humo. Huko Watertown, karibu na Boston, palikuwa na karakana ya silaha ya Serikali, na utaratibu wa Taylor ulikuwa ukiingizwa humo. Mwezi wa Agosti, mwaka 1911, mpimaji alikwenda na saa yake katika sehemu ya kusubu chuma. Mafundi wa kalibu walikuwa watu wa ujuzi wa miaka mingi, wazijuao tabia za mchanga na moto kama mvuvi ajuavyo tabia za maji. Mmoja wao alikataa kupimwa, akafukuzwa kazi, na wenzake wakaweka zana chini wakatoka. Hawakulalamikia ujira peke yake. Katika barua yao walisema kwamba kusimamiwa na saa ni fedheha kwa watu ambao siku zote walijitahidi kuitumikia Serikali yao vyema.

Mgomo ule ulidumu siku chache, lakini mwangwi wake ulidumu miaka. Bunge la Marekani liliunda kamati ya uchunguzi, na mwezi wa Januari, mwaka 1912, Taylor mwenyewe aliitwa kujibu maswali. Mwaka 1915 Bunge lilikataza fedha za karakana za jeshi zisitumike kulipia upimaji wa kazi kwa saa. Taylor alifariki mwaka huo huo, akiamini kwamba hakueleweka.

Yafaa kupima jambo hili kwa insafu. Taylor hakuwa adui wa wafanyakazi. Alitaka ujira wao upande, na aliwalaumu waajiri kwa ukali. Kipimo chake kilikuwa bora kuliko kubahatisha. Kosa lake lilikuwa kosa la elimu aliyolelewa nayo: alipoona mtu, aliuliza swali ambalo mhandisi huiuliza mashine, yaani, nguvu yake ni kiasi gani na mwendo wake ni upi? Mashine hujibu swali hilo bila ya kuona haya. Mtu akiulizwa hivyo mbele ya wenzake, hujibu kwa nafsi yake yote. Basi tatizo halikuwa tena kama mhandisi afundishwe uongozi. Lilikuwa ni uongozi gani afundishwe.

Wakati huo huo Ufaransa ilikuwa ikifika kwenye swali hilo kwa njia nyingine. Henri Fayol alihitimu katika shule ya migodi ya Saint-Étienne mwaka 1860, akiwa na miaka 19, akaingia katika migodi ya makaa ya Commentry. Mwaka 1888 alipewa uongozi wa shirika lake lote, wakati lilipokuwa ukingoni mwa kufilisika, naye aliliongoza mpaka mwaka 1918 akaliacha na nguvu. Kilichobadilika hasa ni uongozi. Mwaka 1916 alichapa mafundisho yake, na humo alizilaumu shule kubwa za uhandisi za nchi yake kwa kuwarundikia vijana hesabu za juu ambazo wengi wao hawangezitumia kamwe, na kutowafundisha uongozi hata kidogo. Fayol alipanga makadirio yake katika jedwali. Katika shirika kubwa, sifa za mfanyakazi wa chini ni ufundi kwa sehemu 85 katika 100, na uongozi sehemu 5 tu. Kwa mkuu wa shirika, uongozi hufika sehemu 40, na ufundi hushuka hadi 15. Tarakimu hizo ni za makadirio, lakini maana yake ni wazi: kila ngazi anayopanda mhandisi humtoa katika alichosomea na kumtia katika asichosomea. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Na nahodha mmoja asiyefundishwa unahodha hakiokoi.

Nchini Marekani uchunguzi wa Charles R. Mann juu ya elimu ya uhandisi, uliotolewa mwaka 1918, uliwauliza wahandisi wenyewe ni sifa gani zimfanyazo mhandisi afaulu. Tabia njema na busara zilitangulia. Kuelewa watu kulikuja mbele ya ujuzi wa vitabuni, na mbinu za ufundi zikawa mwisho. Watu waliokula chumvi ya kazi hiyo walikuwa wakisema jambo ambalo mafundi wa Watertown walilisema kwa miguu yao.

Aliyeyaunganisha mambo haya mawili, kipimo na utu, alikuwa Lillian Gilbreth. Mumewe, Frank, alianza kazi kama mwashi, na alipata sifa kwa kupunguza miendo ya kuweka tofali moja kutoka 18 hadi 4 na nusu. Lillian alileta elimu ya nafsi. Kitabu chake juu ya saikolojia ya uongozi kilitoka mwaka 1914, na mwaka 1915 alipata shahada ya udaktari. Alisisitiza kwamba uchovu si uvivu, na kwamba kipimo cha kazi ni kwa ajili ya kumpunguzia mtu taabu kabla ya kumwongezea mwajiri faida. Frank alipofariki mwaka 1924 alimwachia watoto 11, na baadhi ya wenye viwanda waliomwamini mume walisita kumwamini mke. Hakuvunjika moyo. Mwaka 1935 alifanywa profesa wa uongozi katika shule ya uhandisi wa mashine ya chuo kikuu cha Purdue. Mwanamke aliyefunzwa nafsi za watu alisimama mbele ya vijana wa mashine, na hilo lilikuwa mapinduzi makubwa kuliko somo lolote la daftari.

Huko MIT nako mbegu ya mwaka 1914 ilikua. Mwaka 1931 palianzishwa mafunzo ya wakuu wa kazi waliokwisha kuwa viwandani, kwa msaada wa Alfred P. Sloan, mhitimu wa uhandisi wa umeme wa chuo hicho wa mwaka 1895 aliyekuwa rais wa General Motors. Mwaka 1952 ilifunguliwa shule kamili ya uongozi wa viwanda, na mwaka 1964 ikapewa jina lake. Katika shule hiyo Douglas McGregor alitoa kitabu mwaka 1960, akauliza kama wasimamizi huona watu ni wavivu kwa sababu watu ni wavivu, au watu huwa wavivu kwa sababu wamesimamiwa kama wavivu. Swali hilo Taylor alilikaribia huko Midvale, alipoona kwamba wafanyakazi wana sababu ya kujizuia. Lakini alishika saa, hakuendelea kuuliza.

Wapo wasemao kwamba miaka ya chuo ni michache, na kila saa ya daftari na ujira ni saa iliyoibwa kwa hesabu na mashine. Hoja hii ni nzito, nayo haijibiwi kwa dharau. Daraja lililokosewa hesabu haliokolewi na uongozi mwema. Lakini mhandisi hachagui kama atawaongoza watu. Siku ya kwanza anapopewa mafundi wawili na mfuko wa saruji, amekwisha kuwa kiongozi na mtunza mali. Linalochagulika ni moja tu: kama atajifunza kazi hiyo mbele ya mwalimu, au kwa gharama ya wale mafundi wawili. Towne alijifunza kwa kufiwa na mshirika wake, Fayol kwa shirika lililokaribia kuzama, na Taylor kwa mgomo. Kijana afundishwaye leo hupewa bure kile ambacho wao walikinunua ghali. Na sharti la zawadi hiyo ni kwamba aipimapo kazi, asisahau kumsalimu aifanyaye.