Dawa ya kunyamazisha jeni za saratani ya kizazi: imefika wapi?

Saratani ya mlango wa kizazi huua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka. Wengi wao hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na hapo ndipo jamaa huanza kushika kila wanaloambiwa. Siku hizi jambo mojawapo linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ni "tiba ya jeni", kwamba wataalamu wamegundua namna ya kuinyamazisha saratani hii isiendelee. Habari hiyo si ya uongo, ila haijakamilika. Kabla ukoo haujaitisha harambee au kuuza shamba, ni vyema tujue hali halisi.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanasayansi wa Ujerumani Harald zur Hausen na wenzake waliitambua aina ya 16 mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili huhusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Niseme hapa kwamba kupatikana na HPV si ushahidi wa uzinzi. Ni virusi vilivyoenea mno, na mke aliyetulia nyumbani kwake aweza kuletewa na mumewe, au akawa navyo tangu ndoa ya awali bila kujua. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Taabu ni pale vinapokataa kutoka.

Vikikaa miaka mingi, jeni zake mbili ndizo zinazoleta balaa, nazo zinaitwa E6 na E7. Seli ya binadamu ina protini zinazoizuia isizaane ovyo. Moja ni p53, ambayo seli ikiharibika huisimamisha au kuiamuru ife. Nyingine ni Rb, ambayo ni kama breki. E6 husababisha p53 ivunjwevunjwe, na E7 huishika Rb na kuilemaza. Ni matatu isiyo na breki, na makanga wa kugonga bodi ili isimame naye ametupwa nje.

Sasa, jeni hizi si za mwanamke mwenyewe, ni za kirusi. Dawa za kemo hupiga kila seli inayozaana haraka, nzima na mbovu, ndiyo maana mgonjwa hutapika na kudhoofika. Dawa inayolenga E6 na E7 ingekuwa na shabaha ambayo seli nzima haina kabisa. Ni saratani chache zenye shabaha iliyo wazi namna hiyo.

Tena saratani hii huwa haiwezi kuishi bila jeni hizo, hata baada ya miaka mingi. Ushahidi wake umetoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki kwa saratani hii mwaka 1951 huko Baltimore. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, na hadi leo zinaendelea kuzaana katika maabara kote duniani. Ndani yake mna HPV aina ya 18. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliingiza katika seli hizo protini inayozima E6 na E7. Seli zilizokuwa zikigawanyika kwa karibu nusu karne ziliacha kugawanyika.

Kunyamazisha jeni ni njia nyingine ya kufika hapo hapo. Jeni ni kama kitabu cha maktaba kisichoazimwa: seli hunakili ukurasa inaoutaka, na nakala hiyo, iitwayo RNA, ndiyo inayopelekwa kiwandani kutengenezewa protini. Mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello wa Marekani walionyesha kwa kutumia minyoo midogo kwamba ukiingiza RNA ya nyuzi mbili inayofanana na nakala fulani, seli yenyewe huiharibu nakala hiyo. Walipata Nobel mwaka 2006. Kwa binadamu hutumiwa vipande vifupi vya herufi kama 21. Mwaka 2002, Ming Jiang na Jo Milner wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walivielekeza kwa E6 na E7 katika seli za saratani ya kizazi. Zilizonyamazishwa E6 zilipunguza kasi, na zilizonyamazishwa E7 zikafa.

Wako wanaouliza kama huku si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hukumu nawaachia mashekhe, ila wajue kwamba kitabu chenyewe hakiguswi. Kinachoharibiwa ni nakala, tena ya kirusi.

Basi kwa nini zaidi ya miaka 20 baadaye dawa haipo hospitalini? Kwa sababu katika sahani ya maabara unaimiminia seli dawa moja kwa moja, lakini mwilini ni safari. Vipande hivyo vikiingia kwenye damu peke yake, vimeng'enya huvikatakata na figo huvichuja. Vikifungwa ndani ya vitone vya mafuta huishia zaidi kwenye ini. Ndiyo sababu dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani, patisiran, mwaka 2018, ni ya ugonjwa wa kurithi unaotokana na protini ya ini. Bei yake ilitangazwa kuwa kama dola 450,000 kwa mwaka, kwa mgonjwa mmoja. Juu ya hayo, kunyamazisha hakudumu, na kipande kilichotengenezewa aina ya 16 hakiwezi kutumika kwa aina ya 18. Huko Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith walieleza mwaka 2019 jinsi walivyoondoa uvimbe kwa kuikata E7 yenyewe, lakini wagonjwa wao walikuwa panya.

Hadi ninapoandika, hakuna dawa ya kunyamazisha E6 na E7 iliyoidhinishwa kutibu saratani hii. Tulicho nacho ni upasuaji, mionzi na kemo. Kuna pia chanjo, ambayo uzinduzi wake nchini ulifanyika papa hapa Mombasa Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Chanjo hukinga, haiponyi aliyekwisha kuambukizwa. Kwa mama na dada zetu wa miaka 25 hadi 49 kuna kipimo, na kimojawapo ni cha siki: muuguzi hupaka, sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe baada ya dakika chache, na ikiwa ni ndogo huweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyo hiyo.

Na ukiambiwa kuna mahali dawa ya jeni inatolewa, uliza kama imesajiliwa au ni utafiti. Ikiwa ni utafiti hapa Kenya, lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu, mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoifahamu kabla ya kutia sahihi, na dawa inayojaribiwa asiuziwe. Anayetaka pesa kwanza, mwambie akuonyeshe karatasi hizo.