Mkono wa Mama

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni ilikuwa adimu nchini. Sisi wa Njombe tulishuka Makambako, njia panda ya barabara kuu karibu na reli ya TAZARA, kutafuta kostiki soda na mawese ya Kyela, na mama akapika sabuni yetu uani. Siku moja aliiona nzito, akaongeza maji ya moto ili ilainike. Badala ya kulainika ikakaza, mwiko ukasimama wima. Majirani wakasema ana mkono mbaya. Hakupika tena.

Kumbe wapika sabuni wa viwandani walilijua jambo lile zamani. Sabuni ni jamii ya lipidi: molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mwaka 1960, huko Ufaransa, Vittorio Luzzati na wenzake walichapisha maumbo ya sabuni na maji waliyoyapima kwa eksirei. Maji yakiwa machache, sabuni ya moto hujipanga matabaka, kama chapati zilizorundikwa. Matabaka huteleza, nayo sabuni humiminika. Maji yakiongezeka, matabaka hugeuka fito ndefu zilizobanana kama tita la mianzi. Fito hizo haziachiani kirahisi, na sabuni hukaza. Maji yakizidi sana, fito hukatika vipande vidogo na sabuni hurudi kuwa majimaji.

Eksirei ilionyesha mpangilio, si mwendo wa kila molekuli. Huo hukokotolewa na kompyuta. Mwaka 2001 Siewert-Jan Marrink na Peter Tieleman walichapisha uigaji wa lipidi na maji katika umbo la ajabu zaidi: vichochoro vya maji vya mifumo miwili, vinavyopitana bila kukutana. Katika kazi za namna hii mtafiti huweza kuchora uso unaotenga mafuta na maji, kisha akauliza: umepinda upande gani? Una matundu mangapi? Mafuta yameungana, au yamekatika vipande? Majibu hayo ndiyo humtajia umbo.

Mama alifariki kabla sijayajua haya. Mpika sabuni wa kiwandani angemwambia atie maji ya chumvi kidogo, basi. Sisi tulikuwa wepesi kuulaumu mkono wake, naye akatuamini. Hilo ndilo linaloniuma, maana mimi pia niliamini.