Mzinga wa Königsberg: Kutoka Rufiji hadi Milima ya Uluguru

Mzinga huu, wenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 10.5, ulikuwa mmoja wa mizinga 10 ya manowari ya Kijerumani Königsberg.

1914–1915. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliishambulia humo, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yote iliopolewa. Katika karakana ya reli ya Dar es Salaam ikatengenezewa magurudumu. Baadhi ikalinda pwani, mingine ikapelekwa bara.

1916. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, wakipita pande zote mbili za Milima ya Uluguru kuelekea Kisaki. Mizinga ya meli sasa ilivuka mito na miteremko ya Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, mbali na bahari.

Nani waliibeba? Wapagazi wa Kiafrika. Waliivuta kwa kamba matopeni na kubeba mabomu yake vichwani. Wengi walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Waingereza nao walitumia wapagazi: jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao.

Uko wapi leo? Umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Ukiutazama, wakumbuke waliouvuta: majina yao mengi hayakuandikwa popote.