Kaunta Buku na Wajukuu wa ed

Kaunta buku za korti yetu ya makazi hapa Buruburu, Nairobi, zina kila kitu: michango ya mlinzi, ugomvi wa maegesho, mabomba yaliyopasuka, harambee za matanga. Ila hakuna ajuaye kiko ukurasa upi. Mtu alipouliza geti lilinunuliwa lini, makatibu walionitangulia walilamba kidole na kufunua kurasa jioni nzima. Mimi nimezipiga chapa zote katika faili za maandishi matupu, nazisoma kwa kihariri kiitwacho Vim, na kutafuta naachia programu ya rg. Vijana hunicheka: skrini nyeusi, kitufe hata kimoja hakuna! Wangejua ukoo wa programu hizi wasingecheka.

Babu ni ed, kihariri cha Unix alichoandika Ken Thompson katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969. ed ilikuwa na amri ya kupitia faili lote na kuchapa kila mstari wenye neno ulilotaja. Mwenzake, Lee McMahon, alitaka kuchambua Federalist Papers, makala 85 za karne ya 18 ambazo baadhi zilibishaniwa nani aliziandika. ed ikashindwa kuzibeba. Kumbukumbu ya kompyuta ya siku hizo ilikuwa finyu mno. Basi Thompson akaichomoa ile amri, akaifanya programu ya kujitegemea. Hiyo ndiyo grep, ya mwaka 1973, enzi ileile Buruburu yetu ilipokuwa ikijengwa awamu baada ya awamu. Upande wa pili wa ukoo, ule wa vihariri, Bill Joy aliandika vi mwaka 1976, na Mholanzi Bram Moolenaar akatoa Vim mwaka 1991.

Moolenaar ni wa kwetu kidogo. Mwaka 1994 alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi. Kwa miaka mingi, hata baada ya yeye kufariki Agosti 2023, Vim ikifunguliwa imemwomba mtumiaji awasaidie watoto wa Uganda. Haiuzwi, ukiipenda, unachangia. Watu wa harambee hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mrithi wa grep ninayemtumia ni rg, yaani ripgrep ya Andrew Gallant, iliyotoka 2016. Kuiunganisha na Vim ni mstari mmoja tu:

set grepprg=rg\ --vimgrep

Sasa nikiandika :grep geti, Vim huita rg, nayo rg huleta jina la faili, nambari ya mstari na maneno yenyewe. Nachagua, nimefika. Bando halihitajiki, na stima ikipotea laptopu ina betri.

Kazi imo kwenye Kiswahili chetu. Ukitafuta "kulipa" hupati "walilipa" wala "hatujalipa", kwa hivyo natafuta lip peke yake. Malipo yote huja, na transfoma iliyolipuka huja nayo! Tena katibu mmoja aliandika "geti", mwingine "gate". Hapo naandika -e geti -e gate, yote mawili yanatafutwa kwa mpigo.

Makatibu wenzangu wa Umoja, Donholm na Kayole, anzeni na kaunta buku ya mwaka huu. Andikeni kwa maandishi matupu, faili moja kwa kila mkutano, tarehe iwe kwenye jina la faili. Za zamani mtazipiga chapa polepole.